Mwali na Mbwa Mwitu wa Banda la Video

Nimesoma, katika miaka hii ya utu uzima wangu, makala kadhaa za watu wa mijini wanaoeleza kwamba filamu za watu wanaogeuka mbwa mwitu ni mfano wa kubalehe. Nywele zinazoota pasipo ruhusa, sauti inayokwaruza, hasira isiyo na chanzo, mwili unaomwasi mwenyewe mbele za watu: yote hayo, wanasema, ni habari za kijana anayekua, zilizovikwa ngozi ya mnyama. Wanaandika kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani. Mimi huwasoma kwa kero. Bibi yangu mzaa baba aliyaona hayo hayo mchana mmoja katika banda la video la Kibaoni, pale Ifakara, na hakufurahi hata kidogo. Kwa kuwa aliyaona, aliyatolea hukumu, na hukumu ile iliniangukia mimi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa darasa la saba, na maneno hayo wakati ule yalikuwa na uzito ambao mtoto wa leo, mwenye shule ya sekondari katika kata yake, hawezi kuupima. Darasa zima liliweza kufanya mtihani wa mwisho akachaguliwa mtoto mmoja, au asichaguliwe yeyote. Asiyechaguliwa alirudi kwenye majaruba ya mpunga, na hakuna aliyeuliza tena alikuwa na akili gani. Mama alikuwa amekusudia kwamba huyo mmoja niwe mimi. Yeye aliachia shule darasa la tano. Alivunja ungo, akawekwa ndani, na alipotolewa nje hakuna aliyekumbuka kumrudisha darasani.

Desturi hiyo nataka kuieleza kwa haki, kwa sababu wengi wanaoilaani hawaijui na wengi wanaoitetea hawakuipitia. Kwetu Wapogoro, msichana aliyevunja ungo aliitwa mwali. Aliingizwa chumbani na kukaa humo muda ambao wanawake wa upande wa baba waliona unatosha. Alifundishwa, alilishwa, hakushika jembe, hakuonekana na mwanamume wala kuzungumza naye, mpaka siku ya kutolewa nje akiwa amepakwa mafuta na kuimbiwa. Miaka hiyo zilikuwapo familia zilizokwisha kuanza kusubiri likizo ili mtoto asikose masomo. Bibi yangu hakuwa mtu wa kusubiri likizo. Alikuwa akisema kwamba mwili haujui kalenda ya mwalimu mkuu.

Banda la video lilikuwa la mabanzi, madirisha yake yamezibwa kwa magunia, na jenereta lake lilisikika kabla hujaliona. Wasichana hawakutakiwa kwenda huko, nami nilikwenda Jumamosi moja mchana pamoja na msichana niliyekaa naye dawati moja. Mbele, kando ya televisheni, alisimama kijana mwenye fimbo ambaye kazi yake ilikuwa kutufasiria maneno, akishindana na jenereta kwa sauti. Mnyama alipotokea mara ya kwanza kwenye kioo, kijana akatangaza:

"Huyu ni fisi!"

"Fisi gani ana masikio kama hayo?" akapinga mtu wa nyuma. "Wewe hujaona fisi. Njoo Katindiuka."

"Basi ni mbwa mwitu."

"Mbwa mwitu ana mabaka, bwana! Tunawaona huko ng'ambo ya mto."

"Ni mbwa mwitu wa Ulaya. Huko hata ng'ombe hana nundu. Tulia utazame."

Kijana mmoja wa Kisukuma, aliyeacha ng'ombe wa baba yake mahali fulani ili aje kutazama, alishtuka kweli. "Hana nundu? Anaumwa nini?"

Banda likacheka mpaka mfasiri akapiga fimbo ukutani. Mkanda wenyewe ulikuwa rahisi kuufuata. Kijana wa shule, anayeishi na mama yake katika nyumba kubwa isiyo na mtu mwingine, alikwaruzwa na mnyama msituni. Tangu hapo mwili wake ukaanza kumbadilikia: nywele mikononi, meno, sauti. Kila mwezi ulipokuwa mpevu alijifungia katika chumba cha chini ya nyumba. Siku moja akavunja mlango, akaua jirani, na mwishoni polisi wakampiga risasi. Akalala pale chini, uchi, mtoto tena. Watu walishangilia risasi ile.

Sikushangilia. Kilichonishika hakikuwa damu wala meno. Palikuwa na dakika moja, ambayo wengine waliitumia kununua karanga, ambapo kijana yule aliketi darasani na kuificha mikono yake mifukoni ili wenzake wasione nywele. Mwalimu akamwita ubaoni, naye hakuinuka. Mimi wakati ule nilikuwa nimeanza kubeba madaftari yangu kifuani, nikiyakumbatia kwa mikono miwili, na nilikuwa nimeacha kujitolea kwenda ubaoni hata kwa hesabu nilizozijua. Hakuna mtu nyumbani wala shuleni aliyekuwa amenieleza chochote. Ilinibidi nikae kwenye benchi la mabanzi, katikati ya wavulana wanaotema maganda ya karanga, ili nione kwamba jambo hili linamtokea pia mtu mwingine.

Sasa nikiwa mtu mzima naweza kuupinga mkanda ule, na naupinga. Ulikuwa mkanda mwongo. Uliyafanya makuzi kuwa jeraha lililotoka nje, kana kwamba asiyepita msituni hatakua kamwe, na dawa yake ukaifanya risasi. Lakini ni uchungu kukiri kwamba katika mji mzima wenye makanisa, misikiti, shule na hospitali, ni mwongo huyo peke yake aliyekuwa tayari kuzungumza nami.

Siku chache baadaye damu ilikuja. Nilimfuata mama nyuma ya jiko alikokuwa akichambua mboga.

"Mama, nadhani nimeanza."

"Umeanza nini?"

"Kugeuka."

Alinitazama, akaitazama sketi yangu, akaelewa. Hakuuliza kama naumwa. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani mwingine anajua?" La pili lilikuwa, "Mtihani ni lini hasa?" Alilijua jibu kuliko mimi. Ulikuwa umebaki muda mfupi sana, mfupi kuliko muda wowote ambao mwali yeyote wa ukoo wetu alipata kukaa ndani.

Tungeweza kuficha, kama si shangazi. Dada huyu wa baba aliishi nyumba ya pili uani kwetu, na macho yake hayakupitwa na kitu. Aliiona sketi ya shule imeanikwa siku isiyo ya kufua. Jioni hiyo hiyo, jua halijazama, alikuwa mbele ya mama pamoja na bibi.

"Wifi," alisema, "hongera. Mbona unakaa na furaha peke yako?"

Hapo mama alisema uongo ambao nadhani aliutunga papo hapo. "Hakuna furaha, wifi. Mtoto kashtuka. Alikwenda kwenye video bila ruhusa, akaona mtu anageuka mbwa mwitu. Damu imeshuka kwa hofu. Si ukubwa huo, ni mshtuko."

"Mshtuko!" Shangazi alicheka. "Mimi nimeshtuka mara ngapi?"

Bibi hakucheka. Aliyapokea maneno ya mama kwa uzito, kwa sababu mambo hayo yalikuwapo katika elimu yake. Alimjua mwanamke wa kando ya mto aliyefukuzwa na kiboko akatokwa damu siku nzima, na hakuna aliyemhesabu kuwa kavunja ungo, maana alikuwa na watoto wanne. Kisha akasema, "Kiboko namjua, kwa hiyo damu yake naiamini. Huyo mbwa simjui. Kesho twende nikamwone."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba wanawake watatu na mimi tulikwenda Kibaoni mchana uliofuata, bibi mbele katika khanga zake za kanisani. Kijana wa fimbo alikuwa akifagia maganda.

"Shikamoo, bibi. Maonyesho bado. Na kuna kiingilio..."

"Marahaba. Sisi hatukuja kutazama, tumekuja kukagua. Weka ule mkanda wa mbwa."

Aliuweka. Sijui alidhani bibi ametumwa na nani. Hata jenereta aliliwasha mbio. Bibi alikaa benchi la mbele, magoti yake karibu yaguse televisheni, na tangu mwanzo aliuchukua mkanda ule kama shauri lililoletwa mbele yake.

"Huyu mtoto baba yake yuko wapi?"

"Hawajasema, bibi."

"Wajomba?"

"Hawapo."

"Shangazi je?"

"Hana."

"Nyumba kubwa hivi haina shangazi," bibi alimwambia shangazi yangu. "Angalia."

Nywele zilipoanza kuota mikononi mwa kijana, nilihisi mama kando yangu akijikaza, akisubiri bibi ashtuke. Bibi alisogea mbele zaidi. "Amevunja ungo huyo."

"Ni mwanamume, mama," shangazi alisema.

"Naona kwamba ni mwanamume. Nasema amekua, na humo ndani hakuna aliyeona."

Kijana akateremka kwenye chumba cha chini, akafunga mlango kwa komeo. Bibi akapiga paja lake. "Mnaona? Anajiweka ndani mwenyewe! Hakufundishwa na mtu, lakini mwili umemwambia aingie ndani."

Mlango ulipovunjika, mama aliona nafasi yake. "Umeona, mama? Kufungiwa hakukumsaidia. Kavunja mlango, kaenda kuua watu."

"Amevunja kwa sababu yumo peke yake." Bibi hakuondoa macho kwenye kioo. "Mwali hakai peke yake. Nani amekaa naye? Nani amemwambia kinachomtokea? Mama yake yuko juu anakunywa chai." Kisha akamgeukia mfasiri. "Zima."

"Bibi, hatujafika mwisho. Mwisho kuna risasi."

"Mwisho naujua. Mtoto asiye na mtu, watampiga risasi. Zima, mjukuu wangu. Ahsante."

Tulitoka juani. Bibi alitoa hukumu yake barabarani, palepale. Mkanda haukuwa na cha kushtua, alisema; ulikuwa na cha kusikitisha tu, na masikitiko hayamtoi mtu damu. Mimi sikushtuka. Mimi nilikuwa nimekua, na nikiachwa nizurure hivyo hivyo bila mtu, nitakuwa kama yule. Nikaingizwe ndani siku hiyo hiyo.

Mama alipiga magoti. Alipiga magoti kwenye mchanga wa barabara ya Kibaoni, wapita njia wakigeuka kutazama. "Mtihani, mama. Ni mtihani tu. Ukiisha, mweke mwaka mzima, sitasema neno."

"Inuka, mkwe wangu, unanitia aibu."

"Siinuki."

Bibi alimshika mkono amwinue. Hakuwa mtu katili. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kwangu kumchukia. "Basi," alisema, "ataingia ndani leo. Siku ya mtihani atakwenda. Lakini atakwenda na mlango wake." Akamwonyesha shangazi kwa kidevu.

Niliingizwa ndani. Na lazima nikiri kwamba bibi alikuwa amesema kweli juu ya jambo moja: sikukaa peke yangu. Siku ya kwanza tu shangazi aliniambia mengi kuliko niliyoambiwa na watu wote kabla yake. Alinionyesha namna ya kukunja kitambaa na kukifua, akaniambia damu itarudi na kwa nini, na kwamba sitakufa wala sinuki. Niliyasikiliza hayo kwa shukrani iliyonitoa machozi. Mama naye aliniletea vitabu vya shule chini ya sahani ya wali, na nikavisoma kwenye mwanga ulioingia kati ya ukuta na paa. Kama mafunzo yangeishia pale, leo ningekuwa mtetezi mkubwa wa desturi ile.

Lakini hayakuishia pale. "Mwanamume akikuuliza, hujasikia," shangazi alisema. "Akirudia, tazama chini. Akizidi, mimi nipo, nitajibu mimi."

"Na kama ni mwalimu?"

"Mwalimu huyo ana ndevu?"

"Anazo."

"Basi."

Tuliyafanyia mazoezi. Shangazi aliigiza sauti nzito, akaniuliza jina langu, njia ya kwenda Lumemo, bei ya samaki wa kitoga sokoni, nami nilitakiwa nitazame mkeka. Nilipojibu alinifinya. Baada ya siku kadhaa hakuwa na haja ya kunifinya. Naandika sentensi hiyo kwa hasira ambayo umri haujaipunguza, kwa sababu naijua kazi ya kufundisha, nami nimeifanya, na najua ni somo gani huingia upesi katika mtoto mwenye bidii. Bidii ile ile iliyonifanya nijue hesabu ndiyo iliyonifanya niwe mwali hodari.

Siku ya mtihani nilifika shuleni nimejifunika khanga mbili, macho chini, shangazi hatua moja nyuma yangu. Wavulana wa darasa langu hawakuweza kujizuia.

"Bi harusi huyo! Anaolewa na mtihani!"

"Mahari umelipa wewe?"

Shangazi aliwageukia, wakanyamaza. Aliruhusiwa kunisindikiza hadi mlango wa chumba cha mtihani tu. Kisha akaenda kukaa kibarazani kwa ofisi, akatoa ukindu wake na kuanza kusuka. Msimamizi alikuwa mwalimu wa shule nyingine, mwanamume mpole mwenye ndevu zilizochongwa vizuri.

Karatasi ya hesabu iligawiwa. Niliifungua, na ukurasa mmoja mzima wa ndani ulikuwa mweupe. Mashine haikuupiga chapa. Niligeuza, nikageuza tena. Upande wa pili maswali yaliendelea kutoka namba ya mbali, kana kwamba yale ya katikati yalikuwa yametoroka.

"Hakikisheni karatasi zenu," msimamizi alisema. "Mwenye kasoro asimame aseme, nimbadilishie."

Sikusikia. Ndivyo nilivyofundishwa.

"Hakuna?" Alipita kati ya madawati. Alinipita karibu kiasi kwamba niliona vumbi kwenye viatu vyake. "Hakuna mwenye kasoro? Mkishaanza sitabadilisha."

Nikatazama chini. Na baada ya hapo hakuzidi. Aliitazama saa yake, akasema tuanze.

Niligeuka dirishani nikamtafuta shangazi, ambaye alikuwa ameahidi kujibu badala yangu. Alikuwa mbali, kichwa kimeinama kwenye ukili wake, vidole vinakwenda. Ningeweza kusimama na kusema, wala asingejua. Nilifanya maswali niliyokuwa nayo, yote, na naamini niliyafanya sawasawa. Muda uliobaki nilikaa na ukurasa mweupe mbele yangu.

Siwezi kuapa kwamba ukurasa ule ndio ulioninyima nafasi. Nafasi zilikuwa chache mno, na huenda hata kwa karatasi kamili nisingechaguliwa. Kutojua huko ndiko kunakonichosha kuliko kosa lolote ambalo ningeweza kumbebesha mtu. Elimu yangu niliipata baadaye, kwa njia ndefu, katika madarasa ya jioni na vitabu vya kuazima, nikiwa mtu mzima miongoni mwa watoto. Nilipoanza kusoma zile makala za filamu za mbwa mwitu nilitafuta ndani yake kijana wa aina yangu, yule ambaye makuzi hayakumpa ngurumo bali yalimwondolea sauti, na sikumpata. Waandishi hao wanamwogopa kijana anayevunja mlango. Hawajamwona anayetoka nje nao.

Matokeo yalipokuja nilikuwa nimekwisha kutolewa, nimepakwa mafuta, nimechezewa ngoma. Mama alikwenda shuleni peke yake kusikiliza. Aliporudi hakuvua viatu. Alichukua mchi, akaanza kutwanga mpunga uliokuwa kinuni tangu asubuhi.

"Hukuchaguliwa," alisema.

Niliinama nikaokota punje zilizoruka chini.

"Hesabu zilikuwa ngumu?"

Nikamwambia habari za ukurasa mweupe. Mchi ukasimama.

"Msimamizi hakuuliza?"

"Aliuliza. Alikuwa mwanamume."

"Na wifi yangu alikuwa amekukalia dirishani?"

Niliona anavyolitaka jibu la ndiyo. Alilitaka kwa nguvu ili awe na mtu wa kwenda kugombana naye, hapo hapo, uani, majirani wakisikia.

"Hapana, mama. Alikuwa kibarazani kwa ofisi, anasuka. Hata hakunitazama."

Mama alinikodolea macho muda mrefu, kama mtu anayenitafuta ndani yangu. Kisha akauinua mchi na kutwanga, akatwanga, mpaka mchele ule ukawa chenga na shangazi akatoka nyumbani kwake kuuliza kuna nini.